Kamisheni ya Kuwatenga Akina Thøger

Inatangazwa kwa wote, wenye masikio na waliokatwa masikio, kwamba mkanganyiko wa majina katika parokia ya Sønderklit, magharibi mwa Jutland, umekomeshwa rasmi, daima, na kwa muhuri. Kazi hiyo tukufu ilifanywa na Kamisheni ya Kutenga Majina, iliyoundwa mwaka 1751 na Mtukufu Baroni Gotthard von Rantelow, mwenye ardhi, mwenye kinu, mwenye kanisa na mwenye sisi. Mimi nilikuwa karani wake. Naeleza mafanikio yetu kwa sababu wapo watu wanaoeneza uvumi kwamba mambo yaliharibika. Hayakuharibika. Yalifuata utaratibu mpaka mwisho, ndiyo maana yakafika yalipofika.

Tuanze na takwimu. Parokia ilikuwa na wanaume watu wazima arobaini na mmoja. Saba kati yao waliitwa Thøger Lauridsen. Sita wengine waliitwa Laurids Thøgersen, lakini hao ni baba zao na wana wao, tuwaache wapumue.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Hilo halina mjadala. Mtoto huyo akifa, anayefuata hupewa jina lilelile, na huyo naye akifa, wa tatu hali kadhalika. Ipo nyumba iliyomzika Thøger mara nne kabla ya kumpata aliyekubali kukaa. Mjane akiolewa tena, mwanawe wa kwanza wa kiume kwa mume mpya huitwa jina la marehemu, na mume mpya hunyamaza akatikisa kitanda cha mtoto. Marehemu asiyepewa mtu wa jina lake hatulii kaburini, huja kugonga milango ya zizi mpaka ng'ombe wakauke maziwa. Kwa hiyo jina kwetu haliondoki. Watu ndio wanaopita.

Sisi kwa sisi hatukuwahi kukosana. Kulikuwa na Thøger wa Mchangani, ambaye nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa vilima vya mchanga. Kulikuwa na Thøger Chongo. Kulikuwa na Thøger Ngongoti, mrefu hata akiinama. Kulikuwa na Thøger Mzee, miaka sabini na mmoja, na wengine watatu. Hata mbuzi walijua yupi ni yupi. Lakini serikali si mbuzi. Daftari la Baroni lilitambua jina la ubatizo na jina la baba tu. Lakabu ziliandikwa chini ya kichwa cha habari "Kelele za Mdomo".

Mambo yalianza tarehe kumi na moja Novemba. Naikumbuka tarehe kwa sababu ilikuwa siku ya nne mfululizo tunapanda nyasi za kuzuia mchanga kwenye ardhi ya Baroni, kazi ya lazima, upepo wa bahari umetupasua midomo, na siku ileile moshi wa bata bukini wa sikukuu ya Mtakatifu Martin ulikuwa unatoka jikoni kwake. Katika mazingira hayo ya amani, mtu mmoja alisikika akisema kwamba Baroni amejiwekea jiko la moto kwenye kiti chake kanisani, na Bwana Yesu pale msalabani anatetemeka na kitambaa chake kiunoni.

Watu walicheka. Kicheko kiliripotiwa.

Msimamizi wa shamba, Bwana Bagge, mtu wa farasi na bakora, akauliza nani kasema. Akaambiwa: Thøger Lauridsen. Ikaandikwa. Na kwa kuwa majira yaleyale jeshi la mfalme lilikuwa linadai mtu mmoja kutoka kila shamba kubwa, na kwa kuwa sheria ilimfunga mkulima kwenye ardhi ya bwana wake na kumpa bwana haki ya kuchagua nani avae koti jekundu, Baroni aliandika jina hilo kwenye karatasi, akarudi kwa bata wake.

Bagge alimkamata Thøger wa Mchangani. Sababu zilikuwa za kiutawala: nyumba yake ilikuwa karibu na barabara, na Bagge alikuwa na viatu vipya.

Mkewe, Bodil, mwenye mimba ya miezi minne, alitoka mlangoni na mwiko wa uji mkononi.

"Msimamizi, huyo siye."

"Anaitwa nani?"

"Thøger Lauridsen."

"Basi ndiye."

"Siku hiyo hakuja kazini kabisa! Alikuwa na jipu matakoni, hata kukaa hawezi. Waulize watu."

"Mama, mimi sikamati mtu. Nakamata kilichoandikwa."

"Kwani kilichoandikwa kina jipu?"

Swali hilo halikujibiwa, kwa kuwa halikuletwa kwa maandishi. Mumewe naye akaanza kusema, "Bwana, mie siye," na akalirudia neno hilo mpaka kwenye kasri la Baroni. Kwa kosa la kung'ang'ania kuwa yeye mwenyewe, alikalishwa saa mbili juu ya farasi wa mbao uani, yule mwenye mgongo mkali kama shoka, mawe yakiwa yamefungwa miguuni. Jipu lilipasuka. Kamisheni imeliweka tukio hilo kwenye fungu la huduma za tiba.

Sasa sikilizeni ratiba. Askari mpya alitakiwa kufanya mazoezi kila Jumapili uwanjani mwa kanisa, baada ya ibada, mpaka Pasaka. Jumatatu ya Pasaka angepelekwa ngomeni, miaka minane. Na shamba lisilo na mwanamume lilirudi kwa Baroni tarehe mosi Mei, mke na mtoto wakipewa barabara. Bodil hakuwa na mkanganyiko wowote wa majina. Alikuwa na miezi isiyotimia mitano ya kumrudisha mumewe, na alihesabu kwa vidole.

Alileta malalamiko. Akaleta tena. Mara ya tatu akaketi kwenye ngazi za kasri na mimba yake, na wageni wa Baroni wakalazimika kumruka. Ndipo Kamisheni ikaundwa: Baroni mwenyekiti, Mchungaji Fjelstrup makamu, Bagge mjumbe, mimi na wino wangu.

Akina Thøger saba walipangwa ukumbini, viatu vya mbao mkononi wasichafue sakafu.

"Nani kati yenu alisema yale maneno ya jiko?" akauliza Baroni.

Thøger Chongo akakohoa. "Mimi, Mtukufu."

"Mwongo huyo!" akasema Ngongoti. "Nilisema mimi. Yeye alicheka tu, tena kwa kuchelewa."

"Ebo!" akafoka Thøger Mzee. "Vijana wa siku hizi, hata maneno ya wazee wanaiba? Nimelisema mimi hilo tangu jiko lilipowekwa, mwaka wa thelathini na mbili. Nalisema kila majira ya baridi. Mke wangu, Mungu amrehemu, alishachoka kulisikia."

Watatu wengine nao wakakiri, mmoja akiongeza maneno ambayo hata hayakuwemo kwenye ripoti. Akabaki Thøger wa Mchangani, amesimama kwa upande kwa sababu ya yale matibabu.

"Mie kweli sikusema," alisema.

Mchungaji akamwinamia Baroni. "Huyu ndiye anayetia shaka. Ni yeye peke yake anayekana."

Bodil akaomba kuleta mashahidi. Utaratibu ulimruhusu wawili. Akawaleta Chongo na Ngongoti.

"Jina la shahidi wa kwanza?" nikauliza.

"Thøger Lauridsen."

"Na wa pili?"

"Thøger Lauridsen, karani, we si umenibebea mama yangu jeneza?"

Bagge akainua bakora kwa hoja ya kisheria: Thøger Lauridsen ndiye mshtakiwa, na mshtakiwa hawezi kujishuhudia. Hoja ilipita. Bodil akacheka, kicheko cha mtu aliyeng'atwa na nyuki mdomoni.

Kufikia hapo supu ya mboga ilikuwa imeletwa mezani na ilikuwa inapoa. Baroni akasema maneno ambayo yamo kwenye kumbukumbu kama yalivyotamkwa: "Mimi nijali nini ni yupi? Wote ni kitu kimoja. Andika jina ndilo lenye hatia. Mwenye jina alitumikie jeshi, basi."

Mimi ni nani nirekebishe sheria ya bwana? Niliandika kwa herufi nzuri: *Adhabu ni ya jina, si ya mwili. Mwili wowote wenye jina hilo utatosha.* Baroni akagonga muhuri kwa mkono mmoja, kijiko kikiwa katika mkono wa pili.

Bodil alikuja mezani kwangu. "Karani, hebu nisomee tena."

Nikasoma.

"Umeandika mwili wowote?"

"Wowote, Mama."

"Haya." Akapiga goti kwa adabu. "Ahsante, Mtukufu."

Jumamosi hiyo Thøger Chongo alifika kwenye stoo alimofungwa Thøger wa Mchangani, akamwambia Bagge kwamba jina limekuja kubadilisha mwili. Bagge akaisoma karatasi mara mbili, midomo ikitembea. Muhuri ulikuwa wa bwana wake. Akafungua kufuli. Bodil alimpokea mumewe kwa samaki mkavu na maneno makali, maana alikuwa amesimama mlangoni na baridi inaingia ndani.

Jeshi liliwakilishwa na Kapteni Strube, mtu wa makamo mwenye goti bovu, aliyekuja kila Jumapili na orodha. Jumapili ya kwanza, kabla kufuli halijafunguliwa, alikuwa amemkuta Thøger Lauridsen aliyemtarajia, yule wa Mchangani. Jumapili ya pili akasimama muda mrefu mbele yake.

"Wiki iliyopita ulikuwa na macho mawili."

"Jeshi gumu, Kapteni," akajibu Chongo.

Jumapili ya tatu askari alikuwa amerefuka kwa dhiraa moja. Kapteni akaandika kwamba chakula cha parokia hii ni kizuri. Jumapili ya nne akaja Thøger Mzee na fimbo, bunduki ameifanya fimbo ya pili.

"Umezeeka, askari."

"Mazoezi yako, mwanangu, yanammaliza mtu."

Waumini walikuwa wanabaki uwanjani baada ya ibada kwa hiari yao, jambo ambalo Mchungaji alishindwa kulipata kwa mahubiri ya miaka ishirini. Wanawake walileta viti. Wapo waliowekeana dau nani atatokea Jumapili ijayo.

Mwezi Machi Kapteni akaenda kasri kulalamika. Alikuwa akienda huko kila Jumapili kugongewa muhuri orodha yake, na kila Jumapili alingojeshwa zizini pamoja na farasi, mpaka Baroni amalize kula. Safari hii alingoja mpaka magoti yote mawili yakawa mabovu. Baroni akatokea akichokonoa meno.

"Nataka mtu mmoja," akasema Kapteni. "Mwenye jina moja na sura moja. Kanali wangu ana kiu ya mtu, na nisipompelekea atanitia mimi kwenye hesabu."

Baroni alikasirika, na hasira yake ilizaa mageuzi makubwa kuliko yote katika historia ya parokia. Aliamuru jina la Thøger Lauridsen lifutwe. Lisiwepo. Kila aliyekuwa nalo aje mbele ya Kamisheni kabla ya Pasaka achukue jina jipya, na utumishi jeshini uhamie kwenye jina hilo jipya. Watu wakishatengana, Bagge angeonyesha kidole kimoja tu na kazi ingekwisha.

"Lakini jina halichumwi hewani," akasema Mchungaji, ambaye alikuwa na wasiwasi na akina Thøger waliokwisha kuzikwa. "Huchukuliwa kwa mtu. Kwetu ndivyo."

"Basi walichukue kwa mtu," akasema Baroni. "Lakini si kwa hao wavuvi wao. Wachukue kwa watu wa maana."

Nikaandika kifungu: *Kila mmoja atachukua jina la mtu anayemheshimu kuliko wote parokiani.* Mchungaji alikisoma akatabasamu. Siku ya usajili alikuja na wigi lililopakwa unga upya, akaketi karibu na mlango ambapo angeonekana vizuri.

Wa kwanza kuingia alikuwa Thøger wa Mchangani. Nyuma yake Bodil, tumbo limemtangulia, siku zimetimia.

"Parokiani hapa," nikauliza kama inavyotakiwa, "nani unayemheshimu kuliko wote?"

Akamtazama mkewe.

"Mwambie," akasema Bodil. "Usione haya. Heshima si dhambi."

"Mtukufu Baroni," akasema.

"Vema. Kwa hiyo jina lako jipya?"

"Gotthard von Rantelow."

Kalamu ikasimama. Mchungaji akalegea kitini. Nilikisoma kile kifungu kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, nikakuta hakikatazi. Tena nikaona hatari kubwa zaidi: kumkatalia ingekuwa kuandika rasmi, kwa mkono wangu, kwamba parokia hii ina mtu anayestahili heshima kuliko Baroni. Kwa uchochezi kama huo watu wamepoteza ngozi ya mgongo. Niliandika.

Baada yake akaja Chongo. Naye alimheshimu Baroni. Ngongoti alimheshimu Baroni. Thøger Mzee alimheshimu Baroni, akasema amemheshimu kimoyomoyo kwa miaka na sasa amepata nafasi. Wote saba. Mchungaji akaondoka kabla ya wa tano.

Jumamosi nilipeleka daftari kasri. Baroni aligonga muhuri bila kusoma. Aliamini kwamba kusoma ni kazi ya watu wasio na mali.

Jumatatu ya Pasaka Kapteni Strube alifika na askari wanne na mkokoteni. Karatasi yake ilimwamuru amchukue Gotthard von Rantelow, aliyekuwa Thøger Lauridsen. Na kwa kuwa hakuna muhuri uliofuta ule wa kwanza, mwili wowote wenye jina ungetosha. Barabarani alimkuta Ngongoti akibeba majani ya bahari ya kurutubisha shamba.

"Namtafuta Gotthard von Rantelow."

"Yupi, Kapteni? Tuko wengi."

"Yeyote."

"Aliye karibu zaidi ni yule pale, mwenye geti la chuma."

Kapteni akaliangalia geti. Akaliangalia na lile zizi lililokuwa kando yake, kwa muda mrefu kidogo.

Baroni alikuwa uani kwa vazi la asubuhi, soseji mkononi.

"Wewe ni Gotthard von Rantelow?"

"Ndiye mimi, na unathubutuje kuingia bila—"

"Mpeni koti."

"Mimi ni Baroni! Umekosea mtu, mpumbavu wewe! Mimi siye!"

"Miaka ishirini na sita nakusanya askari," akasema Kapteni bila chuki, "na bado sijampata hata mmoja aliyekuwa ndiye."

Baroni akapaza sauti akitaka haki yake mbele ya Kamisheni. Ni haki ya kila mtu. Tukaketi palepale uani. Kwa kuwa mwenyekiti alikuwa ndani ya koti jekundu lililombana tumbo, Mchungaji alikalia kiti, na ninashuhudia kwamba alikuwa mwadilifu mno, hasa baada ya yale ya siku ya usajili. Bagge aliitwa athibitishe. Akasema yeye ni mtumishi wa Gotthard von Rantelow, na yuko tayari kumtumikia huyu au yule, kadiri Kamisheni itakavyomwelekeza.

"Mleta rufaa alete mashahidi wawili wa parokia hii wasio na jina lake wala kiti kwenye Kamisheni," akasema Mchungaji. "Awataje majina, niwaapishe."

"Mashahidi? Hawa wote wananijua!"

Ilikuwa kweli. Parokia nzima ilikuwa imekwisha kufika, wanaume, wanawake, hata waliosema Ijumaa wana homa. Bodil alisimama mbele, binti yake wa siku tatu ndani ya shali.

"Wanakujua, Mtukufu," nikasema. "Lakini fomu yataka wewe uwataje."

Baroni akatuangalia. Alikuwa ametumiliki miaka thelathini. Tulimlimia, tukamvunia, tukampandia nyasi kwenye mchanga, tukambebea baba yake kaburini na jiko lake kanisani. Alikuwa na mbwa kumi na wawili, na majina yao aliyajua yote. Macho yake yalitembea juu ya nyuso zetu kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mwishowe yakamwangukia mume wa Bodil.

"Yule! Huyo namjua. Huyo ni Thøger. Thøger Lauridsen!"

Nikafungua daftari, nikapitisha kidole kwenye ukurasa wote, kwa uangalifu, nisije nikamdhulumu mtu.

"Samahani, Mtukufu. Parokia hii haina mtu wa jina hilo."

"Basi huyo mwanamke! Huyo mwenye mtoto! Amekaa kwenye ngazi zangu wiki nzima, nimemruka kwa miguu yangu mwenyewe!"

"Mwanamke yupi, Mtukufu?" akauliza Mchungaji.

Bodil akasogea hatua moja, apate kuonekana vizuri. "Jaribu tu, Mtukufu," akasema kwa upole. "Mie sina haraka."

Baroni akafungua mdomo. Tukangoja kwa adabu. Kapteni akatazama jua, akasema njia ni ndefu.

Kwa hiyo uvumi kwamba Kamisheni ilimnyima haki hauna msingi. Rufaa yake iko wazi mpaka leo. Fomu imejazwa yote isipokuwa nafasi ya mashahidi, na kila mwezi barua hufika kutoka ngomeni ikiwa na majina ya kukisia. Nasi humjibu kila mwezi, kwa muhuri. Mume wa Bodil analima shamba lake pale ukingoni mwa mchanga, na tarehe mosi Mei tatu zimekuja zikapita bila mtu kubisha hodi.

Mwezi uliopita barua ilisema Karen. Nilimpelekea Bodil mwenyewe, maana utaratibu unataka mhusika aarifiwe. Alikuwa anaanika samaki kwenye kamba.

"Karen," akarudia. Akafikiri kidogo, kwa haki kabisa. "Mwandikie hapana. Ajaribu tena mwezi ujao."